Pattaya mnayoitamani, mimi nimeshailipia bili

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu mnazipiga mkasi, ila hii mkiikata kateni mwanzo, mwisho mniachie.

Kuna msomaji wenu aliandika juzijuzi kwamba pwani yetu imelala, kwamba Bagamoyo ikifika saa nne usiku ukitafuta bia ya baridi unaangaliwa kama mwizi, na kwamba halmashauri zetu zipeleke watu Pattaya, Thailand, wakajifunze jinsi mji unavyopata hela usiku. Sijui ndugu yangu huyo amefika au ameona tu kwenye video za simu, maana video za kule karibu zote zinapigwa palepale kwenye mdomo wa Walking Street, mtaa wao wa mabaa, mataa yanawaka mpaka unasahau kama ni usiku. Mimi nimefika. Na sijafika mara moja. Sikwenda kula bata (sawa, kidogo nilikula, mke wangu gazeti hili hasomi, yeye ni wa magazeti ya udaku).

Mimi ni broka wa mawe. Mawe ya rangi, sio dhahabu. Watu wa Tunduru wanajua jinsi Wathai walivyomiminika kule miaka ya tisini, na watu wa Mahenge wanakumbuka 2007 yalipotoka yale mawe makubwa mekundu ya spinel pale Ipanko. Sasa wao wakichoka kutufuata sisi ndo tunawafuata, kwenye mji wao unaitwa Chanthaburi, ambako mawe ya dunia nzima yanakwenda kuchomwa ili rangi ing'ae na kukatwa. Soko la mtaani la pale linachangamka Ijumaa mpaka Jumapili, na limekaa kinyume na la kwetu, mnunuzi anakodi meza anakaa, wenye mali ndo mnazunguka na vipakti vyenu mkononi. Kwaiyo ukitua Bangkok Jumatatu una siku tatu nne za kukaa bure, na hoteli za Bangkok zinakula mtaji, unapanda basi stendi ya Ekkamai, masaa mawili na nusu uko Pattaya, ni upande huohuo wa Chanthaburi, chumba rahisi, bahari ipo. Ndo nilivyoujua ule mji.

Mara ya kwanza ilikuwa 2008, mshamba kabisa. Nimekaa kwenye kibaa kimoja uchochoroni, jina silitaji na wala halikuwa kosa lao. Juu ya kaunta inaning'inia kengele ya shaba na kamba yake. Mzee mmoja wa kizungu ananionyesha kwa kidevu, vuta, vuta. Mi nikajua ndo namna ya kuita mhudumu. Nikavuta. Jamani! Baa nzima ikalipuka kwa vigelegele, mabinti wanaruka, mmoja kanikumbatia shingo, nikasema moyoni hawa watu wana upendo sana na wageni. Kumbe kule ukigonga kengele umetangaza ofa kwa kila roho iliyopo pale, wateja, wahudumu, mpaka mamasan, yule mama msimamizi wa mabinti. Watu kumi na nne. Baht 1,500 na kitu, kwa shilingi ya wakati ule kama elfu hamsini na tano hivi, na mimi sijauza hata jiwe moja.

Lakini hapo hapo ndo nikaona kitu cha kwanza ambacho ningependa huyo ndugu yetu akiandike kwenye barua yake. Mbele ya kila mteja kuna kopo, la plastiki au kipande cha mwanzi, kila ukiagiza kitu wanatumbukiza karatasi yenye bei. Kopo liko mbele yako muda wote. Ukitaka kuondoka unasema "chek bin", wanazitoa wanajumlisha mbele ya macho yako. Nilizihesabu zile karatasi mara mbili kwa uchungu, zote zilikuwa sahihi, sikuwa na pa kubishia. Sasa linganisha na kwetu, umekunywa nne bili inasoma saba, ukiuliza unaambiwa si ulisema utalipia na ile meza ya pembeni bosi. Kopo la plastiki tu lingemaliza nusu ya ugomvi wa baa zetu.

Kitu cha pili ni usafiri. Wana pikapu za bluu zenye mabenchi mawili nyuma, abiria mnatazamana, wenye umri wangu watakumbuka chai maharage za Dar, ni zilezile. Zinashuka na barabara ya ufukweni zinarudi na barabara ya pili nyuma yake, zinazunguka hivyohivyo mpaka usiku mnene, unabonyeza kengele (hii kengele ni salama), unashuka, unatoa baht 10. Miaka yote niliyokwenda ilikuwa baht 10 tu. Mlevi anafika kwake bila kupanda bodaboda ya mlevi mwenzake. Hayo mawili sina ubishi, tuige hata kesho.

Yanayobaki sasa.

Watu wanadhani Pattaya ilizaliwa na mataa. Ilikuwa kijiji cha wavuvi. Wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1959 askari wa Kimarekani waliokuwa kambi ya Korat, huko juu, waliletwa na malori kupumzika wiki ufukweni, wakakodi nyumba, wakarudi wakawaambia wenzao. Afu vita ya Vietnam ikapamba moto, Wamarekani wakajenga uwanja wa ndege wa U-Tapao jirani tu na hapo, kuanzia 1967 zile ndege kubwa za mabomu B-52 zikawa zinaruka kutokea pale, na mwaka huohuo nchi mbili zikawekeana makubaliano ya askari kuja kupumzika Thailand. Kijana wa miaka ishirini, mshahara wa dola mfukoni, wiki ijayo hajui kama yu hai. Huyo ndo mteja aliyejenga ule mji. Askari walipoondoka 1976 mabaa hayakuondoka, yakatafuta mteja mwingine, Wajerumani, Waingereza, baadae Warusi mpaka vibao vya maduka vikaandikwa Kirusi, afu Wachina, na siku hizi Wahindi wamejaa Walking Street na klabu zao zinazopiga muziki wa kwao. Wazee wa Kilindini watanielewa, maana miaka ya themanini meli za kivita za Kimarekani zilipokuwa zinatia nanga Mombasa, mji nao ulikuwa unavaa nguo nyingine kwa siku tatu nne. Tofauti ni kwamba Mombasa meli iliondoka na mji ukarudi kuwa bandari, Pattaya hawakuwa na bandari ya kurudia.

Sasa twende kwenye karatasi, maana hapa ndo hoja yangu ilipo. Mwaka 1960 Thailand walipiga marufuku biashara ya kujiuza, kwa sheria kabisa. Mwaka 1966, wageni wanazidi, wakatunga sheria nyingine ya sehemu za starehe, ambapo mtu anapewa leseni ya baa, ya ukumbi wa dansi, ya masaji, yenye wahudumu wa kike. Mwaka 1996 wakaiandika upya ile ya marufuku, wakapunguza ukali kwa mwanamke mwenyewe, anayejinadi hadharani faini yake haizidi baht 1,000, wakaongeza moto kwa mawakala na kwa wanaogusa watoto. Kwaiyo mpaka leo ni marufuku. Soma hiyo sheria, afu nenda kasimame Soi 6, uchochoro mmoja wa Pattaya, saa kumi jioni, jua bado kali, hesabu mabinti waliokaa kwenye viti nje ya baa wanakuvuta mkono, ukifika mia moja acha kuhesabu maana uchochoro bado haujaisha.

Inawezekanaje? Kwa sababu leseni haina neno hilo. Leseni ina neno kinywaji, ina neno muziki. Mteja akitaka kuondoka na binti, anailipa baa kwanza, na hiyo hela kule wanaiita bar fine, faini ya baa, yaani kwa maelezo yao mteja anaifidia baa kwa kuikosesha mfanyakazi usiku ule! Binti ameomba ruhusa tu, kaenda kutembea na rafiki. Baada ya hapo ni mambo ya watu wazima wawili, baa haihusiki, polisi haoni, wizara haioni. Mwaka 2016 aliyekuwa waziri wao wa utalii, mama Kobkarn Wattanavrangkul, alisema watalii hawaendi Thailand kwa ajili ya vitu hivyo na anataka hiyo biashara iishe. Mi simcheki, huenda alimaanisha. Ila mabaa yale yale nimeyakuta na leseni zile zile.

Na mnaosema basi si kila mtu ana furaha, mteja kafurahi, binti kapata, mji umekusanya, ngojeni niwaambie hesabu inavyokaa upande wa binti, maana mimi siku nyingi sikuwa na hela ya kufanya lolote zaidi ya kukaa na soda moja na kupiga stori. Wengi wanatoka Isan, kaskazini mashariki, mikoa ya wakulima wa mpunga, Udon Thani, Buriram, Surin, wengi wao wanaongea lugha iliyo karibu na Kilao na wanakula wali wa kunata kwa mkono kama sisi na ugali. Mtoto kaachwa kwa bibi. Kwenye baa niliyozoea kukaa, binti alikuwa na mshahara mdogo wa mwezi ambao ukichelewa unakatwa, usipokuja unakatwa, Jumamosi usipokuja unakatwa mara mbili. Juu ya hapo ana idadi ya ofa anazotakiwa kununuliwa kila mwezi, wanaziita lady drink, mteja analipa bei ya juu kuliko bia yake mwenyewe kwa kiglasi cha soda, na binti anapata sehemu yake hapo. Asipofikisha idadi, makato. Mabaamedi wetu wakisoma hapa watacheka, maana hata kwetu ofa ni kitu cha kutunza kwenye friji afu kugeuza hela asubuhi, ila kwetu hakuna anayekuwekea kiwango.

Ndo maana wanacheza na wewe ule mchezo wa kudondosha visahani vya plastiki mpaka vinne vikae mstari mmoja. Nilipigwa mara kumi na moja mfululizo na dada ambaye alikuwa anaongea na simu muda wote. Mtu anadhani ni utani wa baa, kumbe kila dakika unayokaa ni nafasi ya ofa nyingine. Mjini kwetu tunasema kuchuna buzi, lakini kule buzi anayechunwa na mchunaji wote wawili wana mtu wa tatu anayeshika kisu.

Sasa huyu binti akikatwa mshahara mzima bila sababu aende wapi? Ofisi ya kazi? Akasema yeye ni nani? Kwenye karatasi ni mhudumu wa vinywaji, kwenye sheria ni mkosaji. Kuna shirika la kwao linaitwa Empower, lilianzishwa 1985 mtaa wa Patpong Bangkok na mama Chantawipa Apisuk, wanafundisha mabinti wa baa kusoma na Kiingereza, na mwaka 2006 wakafungua baa yao wenyewe Chiang Mai, wakaiita Can Do, wahudumu wakawa na masaa ya kazi, likizo na bima ya jamii, kama kiwanda kingine chochote. Wanachodai wao sio kuhurumiwa, wanadai sheria ya kazi iingie mle ndani. Kwa miaka ya karibuni kumekuwa na rasimu na mijadala ya kuifuta ile sheria ya 1996. Msomaji wangu unaweza kukataa kabisa biashara yenyewe, mi mwenyewe nina mabinti wawili na nisingependa, lakini ukiangalia kwa akili tulivu utaona ile marufuku haijamzuia hata mteja mmoja, kazi inayoifanya ni kumfunga mdomo binti akidhulumiwa.

Nikwambieni kituko. Kuna sikukuu zao za Kibudha ambazo pombe ilikuwa hairuhusiwi kuuzwa, Makha Bucha, Visakha Bucha na nyingine. Niliangukia siku moja ya hivyo, mji kimya, mataa yamezimwa, nikasema afadhali leo nilale mapema. Napita uchochoroni naona wazungu wanne wamekaa na vikombe vikubwa vya chai, vile vya kaure vyenye mkono. Saa tatu usiku, joto lile, chai! Nikakaa na mimi nikaagiza chai. Ikaja ya baridi, ina povu. Wenye kumbukumbu za gongo kwenye birika la kahawa hamtashangaa.

Upande wa kusini wa ule mji kuna migahawa mingi ya Kiarabu, ndo nilikokuwa nakula maana nyama ya kwingine sina uhakika nayo. Siku moja naongea na simu na mwenzangu wa Morogoro, mzee mmoja wa Kiomani meza ya pili ananiangalia tu, nilipokata akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Weye mtu wa bara, huku umefuata nini?" Nikamwambia mawe, sheikh. Akacheka mpaka juba likatikisika. "Wote husema hivyo." Yeye alikuwa amekuja kutibiwa Bangkok, kaletwa na wanawe kupunga upepo baharini. Tulikunywa chai (ya kweli), akanieleza Mji Mkongwe wa utoto wake, nikamlipia yeye akakataa, akanilipia mimi.

Lakini sio kila Kiswahili nilichokisikia kule kilinifurahisha. Bangkok, maeneo ya Nana, usiku, niliitwa "kaka, kaka, habari" na dada ambaye lafudhi yake ni ya Kampala. Habari za dada zetu wa Uganda na hata Kenya kupelekwa Thailand kwa ahadi ya kazi ya hoteli au saluni sio uvumi, serikali zenyewe zimeshalizungumzia. Huyu aliniambia wazi kwamba ana deni la tiketi na pasi yake ya kusafiria haiko mkononi mwake. Nikamuuliza kwa nini asiende polisi. Akaniangalia kama mtoto mdogo. Visa imeisha, kazi yenyewe ni kosa, atakayefungwa ni nani? Nilimpa nilichokuwa nacho, sikumuona tena. Nimelala na ile sura siku nyingi.

Turudi Pattaya. Nilikwenda tena 2019, mwaka ambao Thailand walipokea wageni karibu milioni 40, huwezi hata kutembea kwa msongamano. Afu corona. Machi 2020 wakafunga mabaa, wakafungua, wakafunga tena 2021, mabaa na kumbi zikaruhusiwa rasmi kabisa Juni 2022. Wenzangu wa mawe waliobaki kule walinitumia picha, Walking Street mchana na usiku ni ileile, mageti chini, mbwa wamelala katikati ya barabara. Na foleni za chakula cha msaada, mabinti walewale na madereva wa pikipiki wamepanga mstari wa wali na mayai. Mji wenye bwawa moja la maji likikauka hamna kisima. Huyo ndugu yetu anayetaka pwani yote iishi kwa usiku angeziona zile foleni.

Na ajali. Tarehe 5 Agosti 2022, miezi miwili tu baada ya kufunguliwa, klabu moja wilaya ya Sattahip, mkoa wa Chonburi, ndo huohuo wa Pattaya, inaitwa Mountain B, iliwaka moto usiku wa manane watu wanacheza. Ukutani kulikuwa na yale masponji ya kuzuia sauti, yanashika moto kama petroli. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitali wiki zilizofuata, walizidi 20. Sasa sikia kibali chake kilikuwa cha nini. Mgahawa. Kwenye karatasi palikuwa sehemu ya kula. Na wenye kumbukumbu ndefu wanataja hoteli ya Royal Jomtien, Julai 1997, watu wapatao 90 walikufa, na taarifa za wakati ule zilisema milango ya dharura ilikuwa imefungwa kwa minyororo ili wageni wasitoroke bila kulipa. Unaona huo uzi? Binti ni mhudumu wa vinywaji, bia ni chai, klabu ni mgahawa, mlango wa dharura ni ukuta. Kila kitu kina jina la kwenye karatasi na jina la usiku, na anayekuja kukagua anakagua lile la kwenye karatasi, au anapewa chake hakagui kabisa.

Ndo maana nikisikia watu wanasema tukaige Pattaya najiuliza tukaige nini, maana hiyo sehemu sisi hatuhitaji nauli. Sisi tuna neno grosari! Mgeni akija Tanzania ukimwambia twende grosari anadhani anakwenda kununua unga na sabuni. Leseni ya duka, ndani kuna meza kumi na mbili, spika mbili kubwa kama kabati la nguo, mishkaki nje, na chumba cha nyuma ambacho sitaki kukieleza hapa. NEMC, wale wa baraza la mazingira, mwaka 2022 walifungia mabaa kwa kelele, tukasoma kwenye gazeti hilihili, nikafurahi maana jirani yangu alikuwa hanilazi, lakini hakuna aliyekwenda kuuliza humo ndani watu wangapi wanaingia na wanatokea wapi. Na kamatakamata za dada poa za Dar, tunawaona wamekaa chini wamejifunika nyuso, kamera zinawamulika, siku ya pili wamerudi barabarani na faini ya kulipa, wateja wao hatujawahi kuwaona hata kisigino, na mwenye gesti anaendelea kuandika kwenye daftari kwamba chumba namba sita amelala mfanyabiashara kutoka Singida.

Kuiga tumeshaanza pia, tusijifanye. Kendwa wana pati ya mbalamwezi, ile ilianzia kisiwa cha Koh Phangan hukohuko Thailand. Hakuna ubaya, watu wanacheza, Zanzibar inapata wageni. Mimi sio mtu wa kuzuia mtu asicheze, nimeshasema nimegonga kengele.

Ninachoomba ni kidogo. Desemba 2023 Thailand waliongeza masaa, baa za Pattaya, Phuket, Bangkok, Chiang Mai na Samui zikaruhusiwa mpaka saa kumi alfajiri, na watu wetu wakaidaka hiyo habari kwa furaha, ona wenzetu. Sawa. Lakini kabla ya kuongeza masaa halmashauri iandike kwenye leseni kile kinachofanyika. Kama ni klabu iandikwe klabu, ikaguliwe kama klabu, milango miwili, vizimamoto, idadi ya watu ibandikwe mlangoni. Baamedi awe na mkataba, sio mshahara wa kuambiwa bosi hayupo. Kopo la bili mezani. Chai maharage zirudi usiku, hata kama ni kwa jina lingine.

Karibu na kwangu hapa Kihonda kuna grosari, naifahamu vizuri kuliko ninavyotakiwa. Ijumaa inajaa mpaka watu wanakaa juu ya kreti. Mlango wa mbele ni mmoja, wa nyuma upo, ila mbele yake zimepangwa kreti tupu kufika darini. Wiki iliyopita, baada ya kuisoma barua ya huyo ndugu, nilimuuliza mwenyewe, mzee mwenzangu, tunaheshimiana, nikamwambia kaka moto ukitokea hapa tunatokea wapi. Akafuta kaunta kidogo, akaniambia, "Mzee wangu, hapa si kilabu, hapa ni duka. Dukani moto utatoka wapi?"

Ni mimi msomaji wenu,
Broka wa mawe,
Kihonda, Morogoro.